Mbao za Kutelezea Kwenye Rweya

Theluji nimeiona kwenye friji tu, lakini usinidharau. Nilikuwa na mbao za kutelezea ambazo hata mzungu wa milima ya barafu angezionea wivu. Ziliegemea ukuta wa jiko letu kule Kaagya, nje ya Bukoba, kubwa upande wa mlango, ndogo upande wa kuni, na ole wake aliyezichanganya. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na akili ya fundi katika mwili wa msichana, na hakuwa ananisifu.

Juu ya migomba yetu kulikuwa na rweya, yaani uwanda wa nyasi usiolimwa, mali ya kijiji kizima, tulikokata nyasi za kutandika ndani ya nyumba na za kufunikia mashina ya migomba. Upande mmoja rweya ilishuka kwa mteremko mrefu mpaka kwenye njia ya kanisani. Nyasi zile zikilowa, au zikikauka sana wakati wa kiangazi, ukikaa juu ya kitu laini unakwenda tu, upende usipende. Kila mtoto alianza na ganda la mgomba. Ganda la mgomba ni zuri, ila ni la siku moja. Jioni limechanika na nguo yako imechanika nalo, na nyumbani fimbo inakungoja. Mimi sikupenda vitu vya siku moja.

Baba alikuwa seremala kwenye karakana ya misheni ya Kilutheri. Siku moja, kabla ya vita vya mpakani, alirudi na mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda mbele. Zilikuwa za mmisionari mmoja mzee aliyekuwa amerudi kwao kwenye baridi. Leo najua kwamba zile zilikuwa skii za kweli, lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo neno. Baba alizichukua kwa sababu ya uzuri wa mti wake. Mama alitaka kuzitumia kuanikia kahawa. Kaka yangu, aliyenizidi miaka michache, alizitazama kwa makini akatangaza kwamba hiyo ni ngazi ambayo haijamalizwa. Sote tulimwamini, kwa kuwa alikuwa mwenye shule kubwa kuliko wote pale uani.

Basi baba akapigilia vipande vya mti katikati, ngazi ikakamilika. Akaiegemeza kwenye mparachichi, akapanda. Alipofika nusu, ngazi ikapinda, ikajinyoosha kwa hasira, ikamtupa katikati ya migomba. Mama alicheka hadi akaketi chini. Baba hakucheka. Aliinuka, akaibeba ile ngazi mpaka ukingoni mwa rweya, na akaitupa kwa nguvu zake zote asiione tena.

Ngazi haikuanguka. Iliteleza. Ilishuka peke yake juu ya nyasi, imenyooka, mbio, ikazidi kuongeza mbio, ikapita njia ya kanisani na kuingia kwenye kahawa ya watu. Mimi na kaka tulitazamana. Tukaikimbilia, na kabla jua halijazama tulikuwa tumeshuka juu yake mpaka makalio yamewaka moto.

Hapo ndipo nilipopata ugonjwa wa kukusanya. Nilimsumbua baba anipe kila kipande kilichobaki kazini, nikasugua kwa mchanga na majani makavu, nikakunja ncha kwa moto na maji kama nilivyomwona akifanya. Nilipofikisha mbao za kutosha kujivunia, vita vikaja. Mizinga ikasikika kutoka ng'ambo ya mto, na watu wa kwetu wakaanza kuelekea kusini, Muleba, kwa miguu, na magodoro kichwani. Nilitaka kuzibeba mbao zangu. Mama aliniuliza kama tukifika huko tutazipika au tutazichoma, akanipa kuku nimshike.

Tuliporudi tulikuta nyumba imelaliwa na familia zilizokimbia toka mpakani, na mbao zangu zimekuwa kuni jikoni. Nililia kwa sauti. Mama aliniruhusu kulia kidogo, kisha akaniambia kwa neno letu la kubembeleza, "Bojo, uji wa mtoto mchanga umepikiwa hapo. Nyamaza sasa." Nilinyamaza, lakini nilinuna kwa muda mrefu, maana mimi kununa nakujua. Ngazi tu ndiyo iliyosalimika, kwa kuwa baba alikuwa ameificha darini. Mpaka leo sijui aliificha kwa ajili yangu au kwa ajili yake.

Nikaanza upya, na mara hii nikawa na akili zaidi. Mtumbwi wa jirani wa kukanyagia ndizi za rubisi, pombe yetu, ulipopasuka, niliomba kipande cha sakafu yake. Miguu ya wanaume ilikuwa imeukanyaga ule mti miaka na miaka pamoja na juisi ya ndizi, na hakuna randa duniani inayoweza kulainisha hivyo. Niliuita Mlevi, kwa sababu haukuwahi kushuka moja kwa moja. Nikaupaka masalio ya mishumaa niliyoomba kwa mzee wa kanisa, kwa hiyo pombe na kanisa vikapatana juu ya ubao mmoja. Nilikuwa na kifuniko cha sanduku la risasi pia, rangi ya kijani, kizito, kizuri wakati wa mvua. Ubao mpya ukiingia, wa zamani uliochoka niliwapa watoto wa jirani, na wao hawakuchagua.

Nilikua nikawa msichana wa kuposwa, na mbao bado zilikuwa ukutani. Mama aliona aibu kweli kweli. Yeye alilelewa kwamba mwanamke wa Kihaya anaketi chini kwenye nyasi, miguu imekunjwa upande mmoja. Kiti ni cha wanaume. Isipokuwa benchi la kanisani, sikuwahi kumwona mama ameketi juu ya kitu chochote kilichoinuka. Na binti yake anashuka mlima miguu mbele, sketi nyuma! "Atakayekuoa," aliniambia, "itabidi aulipie mahari na huo mteremko."

Aliyenitetea siku zote ni kaka. Alikuwa ameacha shule akaenda visiwani Muleba kufanya biashara ya samaki. Huko wavuvi wanatoka kila upande, wanahama na samaki, na pesa inaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Kila akija nyumbani alikuwa anashukia Bukoba bandarini, anapanda gari hadi kwetu, amebeba sato wa mama, sukari ya baba, na ubao wangu. Aliokota vipande vya mitumbwi iliyovunjika, akavichagua kwa makini kama ananichagulia mchumba. Bora kuliko vyote ulikuwa ubao wa chini wa mtumbwi mmoja mkuukuu, ulionyonya mafuta ya samaki mpaka ndani. Ulikimbia kuliko ngazi ya baba. Kasoro yake ni moja tu: kila uliposhuka, mbwa wa kijiji kizima walishuka nao.

Nilimpenda sana kaka yangu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kwetu hatukuwa watu wa kuambiana.

Kisha miaka ile mingine ikaja, ambayo baba hakutengeneza tena kabati wala kitanda. Alitengeneza majeneza. Watu walikuwa wakija asubuhi kumpa vipimo, wakati mwingine wawili kwa pamoja. Kwetu mtu akifa majembe hayashikwi mpaka matanga yaishe, na watoto hawachezi rweya. Basi nyasi za mteremko zilianza kurefuka bila mtu wa kuzilaza. Vipande vilivyobaki kazini kwa baba vilikuwa vingi kuliko wakati wowote. Sikuviomba. Nilijua mbao nyingine zilikokwenda.

Mwaka mmoja kaka alirudi bila samaki na bila ubao. Shati lake lilimning'inia. Mama alimpokea mlangoni, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, kisha akaenda kuchemsha maji ya kuoga. Jina la ugonjwa halikutajwa pale kwetu. Majirani ndio waliolitaja. Walisema silimu, ndivyo ukimwi ulivyoitwa siku zile, wakashusha sauti, ingawa ukuta wa migomba hauzuii sauti.

Wakati ule watu hawakujua unaambukizwa vipi. Wengine waliogopa kikombe, wengine waliogopa jasho. Mtoto wa jirani alikuja uani kama kawaida yake, akachukua ule ubao wa mtumbwi ambao kaka alikuwa ameukalia muda mfupi kabla. Mama yake alimfuata mbio, akamnyang'anya, akautupa chini, akampeleka kijitoni na kumsugua kwa majivu mpaka ngozi ikawa nyekundu. Tulisikia kilio chake mpaka kwetu. Toka siku hiyo hakuna mtoto aliyegusa ubao wangu wowote, hata kifuniko cha sanduku, hata Mlevi. Walitupa jongoo na mti wake.

Nilikasirika, tena sana. Lakini kilichonitisha ni kwamba kaka hakukasirika. Alikubaliana nao. Aliuchukua ule ubao wa mtumbwi, akaufunga kitambaa cha lubugo, lile gome la mti linalopondwa kuwa nguo za wazee, ili mtu asiuchukue kwa bahati mbaya. Akatenga sahani yake. Akatenga kopo lake. Nikimpa kitu alitaka nikiweke chini kwanza ndipo akiokote. Mama alipotaka kumshika paji la uso aone kama ana homa, alirudi nyuma, akasema, "Kasinge waitu, niko salama," kama vile anamwamkia mgeni. Madonda yalikuwa yamemtoka mikononi, akawa anaificha kwapani hata akiwa anaota moto. Mama alianza kukonda naye. Aliniambia mara moja tu, tukimenya ndizi, kwamba mwanawe anamfia akiwa bado hai, na yeye hajui aingilie mlango gani.

Jumapili moja kaka alitaka kwenda rweya. Alichagua saa ya ibada ili asionwe na mtu. Mimi niliacha kanisa nikaenda naye. Nilimbebea ubao wake kwa nguvu, akakasirika, nikajifanya sisikii. Alishuka mara moja, polepole, akapanda kwa kupumzika pumzika. Alikuwa ameketi ukingoni anatafuta pumzi, ubao mbele yake, tulipoona watu wanatoka kanisani. Ibada ilikuwa imeisha mapema. Walikuja kwa njia ya chini, nguo zao za Jumapili zikiwaka, wakatuona. Wakasimama njiani. Kaka alitaka kurudi nyuma alale kwenye nyasi, lakini alikuwa amechoka mno.

Mama alitoka katikati ya wenzake. Alipanda mteremko moja kwa moja, kitenge kipya, kilemba kichwani, Biblia mkononi. Alipofika alinipa Biblia. Akamwambia kaka, "Sogea nyuma."

"Mae, huu ubao ni wangu."

"Ndiyo maana nautaka huo."

"Zipo nyingine, mae. Huu nimekwisha kuukalia."

"Bojo, sogea. Nimepanda mlima mzima nikiwa na viatu hivi."

Kaka akasogea. Na mama yangu, ambaye hakuwahi kuketi hata kwenye kigoda, alikusanya kitenge chake, akaketi mbele ya mwanawe juu ya ubao ule ule, miguu yote miwili imenyooka mbele, watu wote wanatazama. Chini huko mtu alisema "Ai!" kwa sauti. Baba alikuwa miongoni mwao. Alivua kofia akaishika kifuani, sijui kwa nini.

"Watu wanatazama, mae," kaka alisema.

"Macho hayana kodi. Nishike kiunoni."

Kaka alikuwa ameingiza mikono kwapani. "Mikono yangu si mizuri."

"Mikono hiyo niliizaa mimi. Shika, nisije nikavunjika shingo Jumapili."

Alingoja. Hakugeuka kumtazama, na hakumwomba mara ya pili. Nilikuwa nimesimama pembeni na Biblia yake, nikaona mikono ya kaka ikitoka, kwanza mmoja, halafu wa pili, ikamzunguka mama. Ndipo mama akaniambia, "Wewe fundi, unangoja nini?"

Nikawasukuma.

Walikwenda. Mama alipiga kelele kumwita Yesu mpaka chini, kilemba kikaruka, mbwa wakatoka walikotoka wakawafuata, na katikati ya kelele zile nilimsikia kaka akicheka. Watu waliruka pembeni kuwapisha. Ubao ulisimama kwenye mtaro wa njia, mbele kabisa ya miguu ya yule jirani aliyemsugua mtoto wake kwa majivu. Nilishuka mbio, nikianguka na kuinuka, nikihofia atakachosema.

Jirani alikwenda akaokota kilemba cha mama, akakikung'uta nyasi, akarudi, akasimama. Kisha akakinyoosha si kwa mama, bali kwa kaka, na akangoja kipokewe. Kaka alikipokea kwa mkono mmoja. Mkono wa pili haukutoka kiunoni mwa mama.