Mchanga wa Korongo Letu

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Nkuhungu, huku mjini, nikamkuta binti yangu wa miaka saba amekaa mbele ya bomba lililokauka, kikombe mkononi. Alikuwa hapo tangu alipotoka shule. "Bomba limegoma, mama," akasema, "ndiyo nalisubiri." Mwenzangu, mzazi mwingine angecheka. Mimi sikucheka. Niliwaza: siku nisipokuwepo, huyu atakaa na kikombe chake mpaka lini?

Ndipo nikalikumbuka korongo la kijijini kwetu. Unayajua makorongo ya huku: maji hupita wiki chache za mvua, na mwaka uliobaki ni mchanga mtupu, mweupe, unaounguza nyayo. Maji yalikuwa chini yake. Kila kaya ilikuwa na shimo lake, limefunikwa matawi ya miiba ili mbuzi wasilichafue. Asubuhi ulisikia kata za kuchotea zikikwangua, wanawake wakitaniana kutoka shimo hadi shimo, na kengele za ng'ombe waliongoja zamu yao.

Nilipofikisha umri wa binti yangu, mama alinipa kata ya kibuyu, akaniambia sitakunywa maji mpaka nichimbe shimo langu mwenyewe. Nami, kama nilivyo hadi leo, nilitaka shimo zuri. Nililainisha kingo kwa kiganja, nikatoa kila kijiwe. Zikaporomoka. Nikaanza upya, zikaporomoka tena.

"Unachimba au unapamba?" mama akauliza.

"Mwache," jirani akadakia kutoka shimo lake. "Huyo ataolewa na shimo."

Walicheka. Mimi nililia kwa kiu, na mama hakunipa hata tone. Mwishowe nikachimba kwa upana, bila urembo, mpaka mkono ukazama hadi begani na mchanga ukawa wa baridi. Maji yakaja polepole, rangi ya chai ya maziwa. Yale ya kwanza humwagwa. "Anayejua kuchimba hafi kiu mlangoni kwa watu," mama alizoea kusema. Siku ile nilimwona mkatili. Jioni, tukila ugali wa uwele na mlenda, niliona mkono wake ukitetemeka juu ya bakuli, wala sikuelewa kuwa ni woga. Sasa mkono huo ninao mimi.

Maana nakiri kwako: kila kinachomhusu mtoto huyu kinanitisha. Niliishia darasa la saba. Kushona nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo za mitumba na kuziunga tena, na hadi leo pindo likipinda kidogo nalifumua mara nne. Kulea hakufumuliki. Sijui kama cherehani itakuwa bado kazi atakapokua, sijui kama shule itamtosha. Nilikuwa na hakika na kitu kimoja tu: kuchimba ninaweza kumfundisha.

Jumamosi tukaenda, kata mkononi.

Korongoni hapakuwa na mchanga. Palikuwa na alama za matairi, mwamba, na udongo mkavu uliopasuka. Binti alichutama, akakwangua. Kata ikagonga jiwe.

"Nichimbe wapi, mama?"

Yule jirani bado yupo, mzee sasa. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umemleta mtoto kuona nini? Mchanga umehamia mjini. Malori yameubeba miaka yote hii, na wapakiaji ni wanetu wenyewe. Umo kwenye kuta zenu."

Nilipojenga vyumba vyangu viwili Nkuhungu, lori la kwanza la mchanga nililirudisha. Nilitaka mchanga wa korongo, mweupe, usio na kijiwe, ili plasta itulie. Fundi alinicheka, lakini akaniletea.

Tuliporudi nyumbani, binti alipitisha kiganja ukutani, taratibu, kama mimi nilivyozipapasa zile kingo za shimo langu.

"Sasa yale maji yameenda wapi, mama?"

"Sijui," nikamjibu. Mama yangu, pamoja na woga wake wote, hakuwahi kulazimika kuniambia hivyo.