Kombe la Zamani Lilivyonilia Mbuzi

Haya nayasema mwenyewe, maana hapa Konde nisiposema mie mtasimuliwa na wengine, tena watakutilieni chumvi, basi bora aibu yangu muisikie kwangu.

Mie nilikuwa na nadhiri. Timu yetu ya Zanzibar ilichukua Kombe la Chalenji mara moja tu (lile la nchi za ukanda wetu huu, na mule sisi tunacheza kama nchi, bendera yetu wenyewe, ndio maana linatuuma hivi), nami nikasema mbele ya Shehe kwamba likirudi tena nachinja beberu mtaa mzima ule. Basi ikawa nafuga beberu, timu inatolewa, beberu anazeeka, namuuza, nafuga mwengine.

Siku hiyo mashindano yameanza tena, nimelala baada ya adhuhuri, kuamka nawasha redio namkuta mtangazaji anapiga makelele, Zanzibar inaongoza, dakika za mwisho, na majina ya wachezaji nayajua yote! Hapo ningejiuliza, yakhe, hawa si wazee wenzangu sasa, magoti ya kukimbilia wanayapata wapi? Sikujiuliza. Mara ile ya kwanza nilisikiliza na marehemu mke wangu, Bi Mwanakombo, yeye anachambua karafuu ukumbini, na firimbi ilipolia akarusha ungo juu, karafuu zikatapakaa, tukaziokota huku tunacheka. Na sauti ya mtangazaji ndiyo ileile. Basi firimbi kulia nikaita, "Mwanakombo! Tumelichukua!"

Kugeuka ukumbini, ungo umetundikwa ukutani.

Furaha nayo haikai na mtu mmoja, nikatoka mbio na msuli wangu kiunoni, kifua wazi, mpaka barazani, "Kombe letu! Kombe letu!"

We! Vigelegele, honi za bodaboda, na jirani yangu Mzee Shaame kafika na kisu kabla sijavuta pumzi (nadhiri yangu aliikumbuka kuliko mie). Alasiri pilau inaliwa, watu wananikumbatia, ndipo Bwana Kishor, mwenye duka la vitambaa, akashuka kwenye gari ya Wete.

"Mzee Hamadi, harusi ya nani?"

"Harusi gani, yakhe! Kombe!"

"Kombe lipi? Fainali hata haijafika. Redioni wanasimulia historia ya kombe, wakaweka na kanda ya zamani. Wete stendi nzima tumesikiliza."

Nikamgeukia Mzee Shaame. Anatafuna, macho kwenye sinia.

"Mlijua?"

"Tulishuku," kasema, "lakini mbuzi keshachinjwa."

"Mie nyama sili," akasema Bwana Kishor, "ndio maana ukweli haunikwami."

Wakacheka mpaka wengine wakapaliwa. Nikamwendea Shehe, angalau nadhiri iwe imetoka.

"Haijatoka, Mzee Hamadi. Ulisema likirudi, nalo halijarudi. Hiyo hesabu ni sadaka."

Kesho yake tukatolewa.

Tangu hapo nimeapa, nikisikia bao nakaa kitako kwanza, nauliza la mwaka gani. Lakini kanda ile wakiirudia redioni, wanangu huniambia, baba, izime. Siizimi. Naisikiliza mpaka firimbi ya mwisho, na nikitaka kumwita mama yao namwita, ila kwanza nafunga mlango.