Mashine Iliyoomba Ruhusa

Harufu ya makaa yanayoshika moto, ikichanganyika na ya plastiki iliyopata joto, bado hunirudisha kwenye sebule yetu ya Vulamba, mjini Butembo, msimu wa mvua nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumehamia huko kutoka Bungulu, Beni, miezi michache baada ya mama kufariki kwa ugonjwa. Baba alikuja na magodoro mawili, masufuria, na kompyuta kuukuu aliyoandikia mitihani ya wanafunzi wake. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama. Baba aliirekodi kwa simu siku moja jikoni, akaihamishia kwenye kompyuta, kisha simu ikaibiwa. Ilikuwa fupi: mfuniko unagonga sufuria, mama anacheka, halafu anasema, "Papa Masika, zima hiyo kitu, maharagi inaungua." Masika ni mimi. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa kuisikiliza hadi ilipokwisha.

Jumapili moja, kabla ya kompyuta kuwaka, ilitokea mistari minne ya Kiingereza kwenye skrini nyeusi. Baba alisoma Kifaransa tu, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza Kiingereza shuleni. Nyanya, aliyekuja kutoka Lubero kutulea, alinisukuma mbele. "Masika anajua. Soma, mama, inasema nini?" Nilielewa mstari wa mwisho peke yake: bonyeza F1 kuendelea. Ningeweza kusema sijui. "Inaomba ruhusa," nikasema, nikabonyeza, kompyuta ikawaka. Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu Beni, akasema kumbe hata mashine yetu imelelewa vizuri. Tangu hapo kutoa ruhusa ikawa kazi yangu. Nilibonyeza kwa majivuno, Jumapili baada ya Jumapili, wala sikumuuliza mwalimu, hata pale mlio wa tk, tk ulipoanza kusikika ndani ya mashine, kama ukucha juu ya bati.

Halafu ikagoma. Nyanya hakuona ajabu. Betri za redio yake zikichoka, aliziweka kando ya mbabula, jiko letu la makaa, na redio iliongea siku mbili zaidi. "Iko na baridi tu," alisema. "Hata sisi batu, baridi ya Butembo inatukamata." Baba alisita, lakini hakuwa na wazo lingine. Alifungua kompyuta, akatoa diski yenye sauti ile, nyanya akaifunga katika kikwembe, kitenge cha mama cha kujifunga, tukaiweka karibu na makaa na kuingoja kama mkate. Iliporudishwa, kompyuta iliwaka. Mistari ile ikatokea, nikabonyeza. Tukasikia mfuniko, kicheko, "Papa Masika, zima hiyo..." Kisha mkwaruzo, kisha kimya. Haikuwaka tena. Fundi wa mjini aliitegea sikio, akauliza kama haikuwahi kutuonya. Baba alijibu kwamba haikuonya, ilikuwa inaomba ruhusa tu. Fundi akanitazama mimi. Nilitazama viatu vyangu.

Leo nimemaliza chuo kikuu, na rafiki zangu wamenichoka kwa maswali; padri akihubiri, mwanasiasa akiahidi, mimi nataka kujua amejuaje. Mistari ile mingine mitatu naijua sasa: diski inakaribia kufa, hifadhi vitu vyako mahali pengine, usichelewe. Kiflashi kimoja kingetosha. Picha zangu za ovyo ovyo nimezihifadhi mahali patatu. Diski ile iko kwenye sanduku la baba, pamoja na kadi zetu za ubatizo, bado ndani ya kikwembe. Krismasi iliyopita mimi na baba tulikuwa tunamenya viazi, akaniuliza bila lawama, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: "Masika, ile kompyuta, kweli ilikuwa inaandika nini?"

Mimi nisiyekubali jibu la mtu yeyote bila ushahidi, nilitazama maganda yakianguka kwenye beseni.

"Ilikuwa inaomba ruhusa, papa."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kiazi kingine.