Kanga ya Kumfunika Samaki

Juzi nilikuwa bomani Singida nikisubiri kibali cha safari. Juu ya kaunta, ndani ya bakuli la kioo, alikuwamo samaki mwekundu wa memsahibu, mke wa bwana mkubwa wa boma, aliyekwenda livu kwao Ulaya. Maji yalikuwa meupe kama togwa, na samaki ameelea ubavu.

Karani akafoka, "Chembe mbili za chakula chake kwa siku zinamtosha. Chakula kikizidi kinaoza, maji yanamuua. Nani anamtilia ugali?"

Benchi zima tukatazama sakafu. Mwishowe bibi mmoja wa Mandewa akasema, "Mwanangu, tunakula huku anatukodolea macho, anafumbua mdomo na kufumba. Unamezaje?"

Karani akamhamishia samaki kwenye maji safi yaliyotulia tangu jana. Baada ya kitambo samaki akanyooka, akazunguka bakuli mbio. Tulicheka mpaka askari akachungulia.

Bibi akavua kanga ya mabegani, akafunika bakuli. "Haya, sasa tule."

Tukala kwa raha. Nawajua wakubwa wanaokula mbele ya foleni nzima bila hata kugeuka.

Bibi alipochukua kanga yake, karani akatoa karanga mfukoni. Akamtazama samaki. Samaki akamtazama.

"Shikamoo, bibi," karani akasema taratibu. "Naomba tena hiyo kanga."