Salamu Nilizoiandikia Kompyuta

Wacha nianze kujicheka mwenyewe kabla hamjanicheka, kwa sababu kuna watu kumi na mmoja wanaojua kitu nilichokuwa nimemficha hata mama yangu kule Nyeri, na walikijua kwa dakika tano tu, mimi nikiwa nimewasha kamera na kuvaa shati safi.

Nilihamia Nyamasaria, huku kwa Wajaluo karibu na ziwa, kwa sababu kodi ni nafuu na kazi yangu naifanyia nyumbani, na tangu niingie kwenye kile chumba sikuwa nimejuana na mtu. Lakini kazini nilikuwa nimejijengea jina. Kila Jumatatu wakiuliza wikendi ilikuwaje, nawaambia tulikuwa ziwani na marafiki tukila samaki (samaki nilikula kweli, marafiki ndio hawakuwepo). Niliomba Mungu wasije wakajua, maana sikujua ningewaangaliaje tena.

Sasa ofisi ikatuagiza tuweke VPN mpya, ile programu ya kukupitisha kwa njia ya siri hadi kwenye mafaili ya ofisi. Mimi natumia mfumo wa Linux, na nilikuwa nimetamba vya kutosha kwamba mtu wa Linux haombi msaada. Nikaiweka, ikakataa. Nikaitoa, nikaiweka tena, ikalalamika kuna kifurushi cha programu kinakosekana, nikakitafuta, nikakiweka, ikafunguka vizuri halafu ikagoma kuunganika, na muda huo wote kuna kijisanduku kwenye kona ya skrini kinaniomba niiwashe kompyuta upya, nami nabonyeza "Baadaye", "Baadaye", kama nilivyokuwa nikibonyeza kwa wiki sita. Sababu yake naona haya kuisema. Feni ya ile kompyuta ina mlio, na nilikuwa siwezi kukaa kwenye kile chumba bila huo mlio.

Bosi alipouliza kama imekubali, nikasema imeshaingia, iko sawa kabisa (hapo ndipo nilipojichimbia).

Alhamisi saa kumi jioni tukawa na mkutano wa video, na bosi akaniambia niwaonyeshe ripoti iliyo kwenye mafaili ya ofisi. Nikakohoa. Nikasingizia mtandao. Akoth, fundi wetu wa mitandao, dada wa Maseno asiye na mchezo, akasema, "Mwangi, hebu onyesha skrini yako. Ni dakika mbili tu."

Nikaionyesha. Akanipa amri moja, nikaiandika. Akanipa nyingine, nikaiandika. Halafu akasema, "Sasa itoe orodha ya kila kitu umewahi kuandika hapo, nione hiyo VPN uliiweka aje."

Nikaandika upesi nimalize aibu, nikabonyeza, na kidole kikiwa bado kwenye kitufe nikakumbuka.

Ile sehemu ya kuandikia amri, ukiandika kitu isichokijua, inakujibu. Inakuambia tu kwamba haijui amri hiyo, lakini inakujibu, tena papo hapo. Basi kila asubuhi nilikuwa naisalimu. Nilifanyia hapo pia mazoezi ya salamu za Kijaluo, kwa sababu niliogopa watu wangenicheka. Na yote ilikuwa imeyaweka, na nambari kando yake, katikati ya amri za VPN:

*habari ya asubuhi*
*oyawore*
*oyawore ahinya*
*nimepika ugali mwingi tena*
*hata leo hakuna aliyenipigia*

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Bosi akazima kamera yake, nadhani kwa kunihurumia, na hapo ndipo nilipoumia kweli. Nikababaika kutafuta pa kubonyeza nifunge lile dirisha, nikabonyeza mahali pengine, maandishi yakawa makubwa zaidi.

Akoth akavuta pumzi. "Mwangi, hii mashine haijazimwa siku arobaini na mbili. Uliweka kiini kipya cha mfumo na hukuiwasha upya, sasa VPN inatafuta kitu hakiko. Izime tu, itakubali." Kisha kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Na oyawore ahinya, bwana."

Nikaizima.

Feni ikanyamaza. Kwenye ule ukimya nikasikia kicheko nje ya dirisha, cha Mama Apiyo, jirani anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale getini, ambaye kila siku hunipungia mkono nami humpungia na kupita nikiwa nimeinamisha kichwa. Uso ulikuwa unanichoma, machozi yalikuwa karibu, nikaona afadhali nitoke.

"Oyawore, Mama," nikasema.

Akaacha kupima omena. "Kumbe unaongea! Baba, mimi nilijua wewe ni bubu. Ndiyo maana nakupungia tu mkono." Kisha akaniambia oyawore ni ya asubuhi, saa hizi watu wanasema oimore, akanifanya niiseme mara tatu mbele ya wateja, na akanifungia omena.

Nilipoiwasha kompyuta, VPN iliunganika mara ya kwanza. Tangu siku hiyo nimeapa kuizima kila jioni, na salamu siiandikii tena. Sitawadanganya, chumba bado ni kimya, na kuna siku kinanielemea mpaka natoka hadi getini bila sababu. Kwa sasa nina omena nyingi kuliko ninavyoweza kumaliza.