Mchezo Niliouandika Juu ya Mama

Ipo Jumamosi moja ya ujana wangu ninayoikumbuka sana, mwanangu, karibu miaka kumi iliyopita. Najua kwenu mimi bado si mzee, lakini shangazi ni shangazi, kaa usikilize.

Nilikuwa nimehamia mji wa Buffalo kutoka Louisville, huku huku Marekani, nafunga maboksi kiwandani siku tano kwa wiki. Jumamosi nilipanda basi kutoka mtaa wetu wa Bailey hadi kitongoji cha Amherst, kwenye kikundi cha maigizo cha Mzee Desmond, Mwingereza aliyeigiza filamu maisha yake yote na baadaye kuziandika pia. Alikuwa ametangaza kwamba ataupeleka jukwaani mchezo mmoja tu wa wanafunzi wake. Niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukapungua.

Nikaandika juu ya mama, yaani bibi yako, na maisha yetu katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Mzee akausoma mchezo wote, akavua miwani.

“Mama huyu analia tangu mwanzo hadi mwisho,” akasema. “Hana jambo jingine analofanya?”

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba yote yale ni kweli, na ni kweli, mwanangu. Ila yalikuwa maelezo yale yale tuliyowapa maafisa wa mahojiano kabla ya kuletwa Marekani. Wazazi walitukaririsha tusipishane hata neno, kwa kuogopa faili letu kukataliwa. Nami nilipoambiwa niandike maisha yetu, nikaandika faili.

Mzee hakunibembeleza. Alisema kwao Uingereza, kwa miaka kumi na tano, alipewa nafasi moja tu: mtumishi anayefungua mlango wa tajiri. Alingoja mtu amwandikie nafasi nyingine, asitokee. Basi akajifunza kuandika mwenyewe. Miswada mitano ikakataliwa, wa sita ukapita.

“Una wiki mbili,” akaniambia. “Anza upya.”

Niliondoka nimenuna, lakini niliandika kila siku kabla ya zamu. Safari hii nilimwandika mama ninayemjua mimi, aliyegombana na mwanamke mmoja bombani, kisha na foleni nzima ya maji, halafu akawachekesha wale wale aliogombana nao. Nilipomsomea, akashtuka.

“Mbona haya hatukuwaambia maafisa? Utatuletea matatizo.”

“Hawakuuliza, mama. Na tumeshafika.”

Akaniambia nimsomee tena. “Basi yule mwanamke wa bombani umemfanya mpole mno,” akasema. “Rekebisha.”

Mchezo wangu ulichaguliwa. Siku ya onyesho mama alikaa mstari wa mbele, na watu wa Amherst wasiomjua walipocheka, aligeuka akawatazama kwa fahari. Aliyelia siku hiyo ni mimi.

Sasa wewe huko Columbus umenitumia barua yako ya kuomba chuo, imejaa njaa na machozi ya kambi uliyoiacha ukiwa na miaka miwili. Nimeisoma mara mbili na sikukuona humo. Ifute. Mwandike msichana anayewasomea majirani barua zao za Kiingereza na kubishana na mwenye nyumba kwa niaba ya jengo zima. Wakikukataa, andika tena, na tena, lakini usiwauzie huzuni ambayo si yako.

Mungu akupe mkono usiochoka, mwanangu, na popote watakapokupokea, wakupokee wewe.