Fremu Kubwa Niliyoing'ang'ania

Mdogo wangu alinipita kimo akiwa na miaka kumi na sita, mimi nikiwa na kumi na tisa. Baba alikuwa mshoni wa kanzu, akifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu Kibokoni, kwa hivyo jambo hilo halikuweza kufichika. Zamani kanzu zangu zikinibana hupewa yeye. Mwaka ule mambo yakageuka: zilizokuwa fupi kwake ndizo zilizoletwa kwangu. Mama alizikunja vizuri akaniwekea kitandani. Nilizivaa, lakini kila tulipopita barazani mtu akauliza, "Nyinyi wawili, mkubwa ni yupi?" nilihisi kifua kikiwaka.

Miaka mitatu baadaye mjomba wetu, baharia wa meli za mizigo, alirudi na baiskeli mbili kuukuu za mashindano, zile za magurudumu membamba na usukani uliopinda kwenda chini. Moja ilikuwa nyekundu, fremu yake kubwa. Nyingine ilikuwa ya kijivu, ndogo.

"Chagueni, lakini si kwa macho," mjomba alisema. "Hii huchaguliwa kwa mguu. Simama juu yake, paipu ya juu iwe kati ya mapaja, visigino vyako viwe chini. Ikibaki nafasi ya vidole viwili vitatu juu ya paipu, hiyo ni yako. Ikikugusa, iache."

Baba alitoa tepu shingoni, akapiga magoti, akatupima urefu wa ndani wa mguu kama anayetukatia suruali.

"Nduguyo amekuzidi inchi tatu," akaniambia, bila ubaya wowote. "Kubwa ni yake. Wewe hiyo ndogo yakutosha sawasawa."

"Mimi ndiye mkubwa," nikasema. "Nataka nyekundu."

Mjomba alicheka, akidhani natania. "Yakhe, utaumia."

"Nitaizoea."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema mkubwa aachwe achague. Baba akamtazama mdogo wangu.

"Haya, mwachie kaka," mdogo wangu akasema. "Mimi yoyote."

Nilifurahi sana siku ile, ila sikuitaka ile baiskeli hata nusu ya nilivyotaka asiipate yeye.

Basi tukawa tunatoka kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, tunakwenda mpaka Makupa na kurudi, kabla yeye hajaenda chuoni karibu na Buxton na mimi ofisini, tulikoshughulikia kutoa mizigo bandarini. Ili nifikie pedeli ilinibidi niyumbe kitini, kulia, kushoto. Mikono niliinyoosha kuufuata usukani mpaka mabega yakakaza, na ofisini nilishinda nikijikanda shingo. Yeye alijikunja juu ya ile ndogo, magoti yakikaribia viwiko, lakini tangu siku ya pili alikuwa akinipita. Kisha hupunguza mwendo, akaningoja. Kungojwa kuliniuma kuliko kupitwa.

Asubuhi moja pale Makupa lori lilisimama ghafla mbele yangu. Nilikamata breki, nikateremka kitini, na miguu haikupata ardhi. Ile paipu ya juu ilinipiga mahali ambapo mwanamume hasahau, nikaanguka nayo kando ya barabara. Mdogo wangu alirudi mbio, akaninyanyua.

"Kaka, umeumia?"

"Sikuumia."

Aliniacha nipumue. Kisha akasema, taratibu, "Tubadilishane. Nilidhani waipenda rangi yake tu."

Sijui kama kweli alidhani hivyo au alikuwa ananisitiri. Nilikubali, kwa kuwa nisingeweza kuipanda tena ile kubwa. Kwenye ile ya kijivu miguu yangu ilizunguka bila kuyumba na mgongo ukatulia. Lakini mbele yangu yeye naye alikuwa amepata fremu yake. Mgongo wake ulilala, miguu ilinyooka mpaka mwisho, na kabla sijafika Buxton nilikuwa simwoni tena.

Jioni ile nilimwambia mama kwamba mdogo wangu aendesha ovyo, ajipenyeza kati ya malori. Ulikuwa uongo mtupu. Mama alishtuka, akamkataza kutoka na baiskeli. Mdogo wangu alinitazama mara moja tu, akamwambia, "Sawa, mama."

Nikatoka peke yangu siku nne. Baiskeli ilinitosha, barabara ilikuwa nyeupe, hapakuwa na wa kunipita. Kila nilipokanyaga pedeli nilimwona akisema "sawa, mama". Siku ya tano nilifika Buxton nikageuza. Mama alikuwa jikoni akipika mahamri.

"Mama, hakuendesha ovyo. Nilisema uongo."

"Kwa nini?"

"Namwonea wivu."

Aliipua karai kwanza. Nilingoja anigombeze, lakini alisema tu, "Nenda kamwambie mwenyewe."

Nilimkuta akifunga viatu vya chuoni. Nilimweleza yote, mpaka siku ile ya kuchagua. Alimaliza kufunga kiatu cha pili.

"Ile siku nilijua," akasema. "Nilitaka uwe mkubwa tu, kaka."

Kesho yake, mama akiwa ameondoa katazo lake, tulitoka pamoja. Pale pale Buxton alinipita, na kifua kikawaka vilevile. Nikamwambia kwa sauti asiningoje, akaenda.